Mstaafu wa Kigoma: CHF ya kaya au akiba ya matibabu?

Kadi ya mstaafu ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ni yako na mwenzi wako. Wajukuu mnaowalea hawamo. Hapo ndipo pa kujazia.

CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipoanza, kaya ya watu hadi 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Mjukuu akishikwa na malaria pale Ujiji, anaanzia zahanati, na kwa rufaa anafika Hospitali ya Maweni. Ikibidi Hospitali ya Bugando, kadi ya CHF inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa, na safari ya Mwanza ni ndefu jamani.

Akiba ya VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, haichagui hospitali, hulipa hata nauli. Ila huliwa na mahitaji ya shule kabla ugonjwa haujabisha hodi. Mimi ningeanza na CHF, akiba nikaiwekea safari.