Chumba cha utulivu kilikuwa kizuri, mpaka walipoleta wageni

Jamani hili jambo nimekaa nalo rohoni, leo naandika tu. Mwezi uliopita, kama sio ule wa nyuma yake, tulienda tamasha moja la familia hapa Mtwara upande wa Shangani, silitaji jina wenyewe wanajijua, bango limeandikwa kabisa "rafiki kwa watoto wenye usonji". Mwanangu ana miaka saba, ana usonji, tunamwita Babu maana kabeba jina la babu yake mzaa baba. Sisi sherehe huwa hatuendi. Harusi tunaishia getini, maulidi tunasikilizia nyumbani, maana spika zikianza tu anaziba masikio analala chini, na watu nao wanaanza, mchapeni huyo, mpelekeni kwa mganga ana shetani. Hana kiburi wala shetani. Sauti, taa, harufu, vyote vinamwingia kwa mpigo, mimi na wewe masikio yetu yanachagua cha kusikia, ya kwake hayachagui.

Sa niseme ukweli, mwanzo walinifurahisha mpaka machozi yakanitoka. Siku mbili kabla, binti mmoja wa kujitolea alinitumia picha WhatsApp, geti lilivyo, choo, chumba cha utulivu chenyewe, yaani pa kumpumzisha mtoto kelele zikimzidi, na ratiba ya nini kinafuata nini. Nikawa namwonyesha Babu kila jioni mpaka akawa anazipekua mwenyewe kwa kidole. Siku yenyewe tukapanda bajaji toka Magomeni, kavaa hedifoni zake zile za mafundi wa grenda nilizonunua duka la vifaa vya ujenzi, tukafika, akaangalia geti, akaangalia simu, akapita. Akapita! Kama hujawahi kumbeba mgongoni mtoto wa miaka saba anayelia kutoka shughulini hadi nyumbani huwezi kujua hiyo ni nini.

Na chumba alikitengeneza mtu anayejua. Mikeka ya ukili chini, madirisha yamezibwa vitenge, taa zimezimwa, hakuna maputo ya kupasuka, hakuna udi wala marashi, jenereta iko mbali upande wa pili wa ukumbi. Wameweka beseni la mchanga wa pwani, Babu akakaa nalo anaumimina mkono huu kwenda mkono huu. Kulikuwa na kijana mkubwa tu, kama miaka ishirini hivi, kalala chali anatazama dari, mama yake pembeni anakula zake mihogo. Tukatazamana na yule mama tukacheka bila sauti. Nusu saa nzima hivyo. Ungeniuliza dakika ile ningewapa nyota zote.

Mlango ukafunguliwa.

Mgeni rasmi na watu wake, kamera ina taa kali kama ya gari, MC na maiki, kijana kabeba spika begani, na kikundi cha ngoma nyuma yao. "Na hiki ndo chumba chetu maalumu kwa watoto wetu maalumu, tuwapigie makofi ya kishindo!" Wakapiga. Na vigelegele juu. Ndani ya chumba cha utulivu!

Babu akaingia chini ya meza akaanza kujing'ata mkono, taa ya kamera ikamfuata hukohuko chini. Nikasema kaka angu zima hiyo taa, ananijibu, "Mama vumilia kidogo, dakika moja tu, mgeni anataka picha na mtoto." Dakika moja kwa nani? Yule kijana mkubwa akachomoka mbio pekupeku hadi barabarani, mama yake nyuma kaacha mihogo kaacha viatu, tumshukuru bodaboda mmoja aliyemsimamia mbele kwa upole bila kumshika.

Nikamfuata muandaaji. Ananiambia, dada tumehangaika sana na wafadhili, lazima waone kazi. Nikamuuliza mbona kwenye ratiba hamkuandika? Kimya. Hilo ndo linaloniuma kuliko makofi. Mmenifanya nimwahidi mtoto kwa picha kwamba ndani kuna mkeka na mchanga na kimya, yeye hashiki maneno mengi ila picha anaiamini, halafu mnaingiza msafara ambao haukuwepo popote. Na msiniambie sehemu ya utulivu ni mambo ya Wazungu, Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa viwango vya kumbi na matamasha, sauti isizidi wastani wa desibeli 100 ndani ya dakika 15 na pawepo sehemu tulivu ya kupumzisha masikio, na hapo wanazungumzia watu wote wenye masikio yao mazima, sembuse Babu.

Nilikuwa nimeshaandika nyota moja. Kisha nikamkumbuka yule binti wa picha, nilimkuta nje ya mlango analia, akaniambia, "Mama nisamehe, mi ningemzuiaje mgeni rasmi?" Na kweli angemzuiaje, walimpa kazi ya kukaa mlangoni hawakumpa ruhusa ya kusema hapana. Yeye peke yake nampa tano. Hao wengine hata hiyo moja naona nyingi, hapana, niache hasira, mbili, kwa ajili ya vitenge na mchanga.

Ila kuna kitu kinanichanganya. Kila jioni Babu anachukua simu yangu, anapekua mpaka aikute ile picha ya chumba, anaigusa, halafu anakwenda kuleta ndala zake ananiwekea miguuni. Kwa hiyo mkiandaa tena tutakuja. Ila huo mlango nitausimamia mwenyewe.