Scarlett Solo: kiboksi kilichobeba besi ya mradi wetu wa muziki

Kama unasomea muziki na umepewa mradi wa kurekodi wimbo mzima, pesa ya studio itunze kwa ajili ya ngoma na waimbaji. Hao ndio wanaohitaji chumba kizuri. Besi inahitaji waya mzima na mpigaji aliyejiandaa. Yangu nimeirekodi yote hosteli, bodaboda zikipita dirishani, kwa kadi ya sauti ya Focusrite Scarlett Solo (kiboksi cha kuingiza gitaa au maiki kwenye kompyuta), toleo la 3, lile lililotoka 2019. Hakuna bodaboda hata moja iliyosikika, kwa sababu gitaa linaingia moja kwa moja kwa waya.

Ni kiboksi chekundu kinachoingia kwenye mfuko wa begi la gitaa. Mbele kina tundu la maiki, tundu la gitaa na swichi ya INST. Swichi hiyo lazima iwashwe, la sivyo besi inaingia imefifia, haina meno. Taa inayozunguka kirekebisha sauti huwaka kijani mambo yakiwa shwari, rangi ya chungwa ukikaribia kupasua, yaani sauti kuzidi kipimo na kukwaruza, nyekundu ukishapasua. Mimi hupiga noti nzito kuliko zote za wimbo kwa nguvu ile ile ya kwenye chemko (sehemu ya mwisho ya wimbo wa dansi, yenye kasi na ya kuchezea), kisha napunguza mpaka rangi ya chungwa ipotee. Rekodi ni ya biti 24, yaani hata sauti ya chini inabaki safi, hakuna sababu ya kubanana juu. Vilele vya sauti vikicheza kwenye -12 dB ya mita ya programu ya kurekodi vinatosha kabisa.

Lakini kilichonifanya nikipende ni umeme. Kinatumia USB peke yake, kwa hiyo chomoa chaja ya laptopu urekodi kwa betri. Umeme wa ukutani kwetu ni wa 50 Hz, na noti ya G, freti ya 3 kwenye uzi wa E, ni 49 Hz. Mvumo wa umeme huo ukiingia kwenye rekodi unakalia noti hiyo hiyo, na hata fundi hodari hawezi kuuondoa bila kuondoka na besi. Ukichomoa chaja, njia moja kubwa ya mvumo huo imefungwa. Njia nyingine ni pikapu, sumaku za gitaa zinazonasa mtetemo wa nyuzi: mwenye Jazz Bass, besi yenye pikapu mbili, afungue volumu zote mbili sawasawa ili mivumo ifutane, na akae mbali na taa za tyubu. Na umeme ukikatika katikati ya ubeti, unaendelea kupiga tu.

Wimbo wetu ulikuwa wa dansi, na bendi za dansi enzi za Radio Tanzania zilipiga pamoja chumba kimoja, besi ikiwasikia wenzake. Sisi kila ala ilitakiwa kuwa na traki yake, kwa hiyo tulitanguliza gitaa la rithimu na kliki (mlio wa kuhesabu mapigo) kama mwongozo, ikafuata besi, gitaa la solo likaja juu yake. Swichi ya Direct Monitor ilinisaidia sana hapo: unajisikia kwenye hedifoni papo hapo, bila kuchelewa kwa kompyuta. Beti na viitikio unaweza kuvirekodi kipande kipande. Chemko lipige kwa mkupuo mmoja, hata kama itabidi urudie mpaka vidole viwake moto, maana vipande vilivyoungwa havisukumi. Nyuzi mpya zifungwe siku mbili kabla, zitulie. Zikifungwa asubuhi ya kikao utashinda unatyuni.

Tundu la ala ni moja tu, basi gitaa la solo na besi haviwezi kuingia kwa waya kwa pamoja. Maiki na gitaa zinaingia kwa wakati mmoja, kila moja na traki yake: mwenye amplifaya nzuri aiwekee maiki huku waya ukichukua sauti safi, achanganye baadaye. Wanaotaka kurekodi bendi nzima kwa pamoja watafute kadi yenye matundu manane. Toleo la 4 lipo tangu 2023, ila kwa besi ya mradi wa chuo, la 3 lililotumika na bado zima linatosha. Kabla ya kulipa, nenda na gitaa lako ujaribu tundu la mbele na la hedifoni.