Uchambuzi wa Albamu: Irish Heartbeat ya Van Morrison na The Chieftains

Karibuni watazamaji wangu. Leo nawaletea Irish Heartbeat, albamu ya mwaka 1988 iliyomkutanisha mwimbaji Van Morrison na kundi la muziki wa jadi, The Chieftains. Nyimbo 10, nyingi zikiwa za jadi za Ireland, zilizorekodiwa katika studio ya Windmill Lane, Dublin.

The Chieftains waliundwa na Paddy Moloney mwaka 1962, wakaupiga muziki wa kwao kwa ala zake: fidla, filimbi, kinubi, bodhrán, yaani ngoma iliyowambwa ngozi ya mbuzi, na zumari la mfuko liitwalo uilleann. Zumari hilo halipulizwi kwa mdomo. Mpigaji hujaza upepo kwa mvukuto anaoubana kwa kiwiko, na sauti yake ni laini, haipigi kelele.

Van Morrison naye ni mtoto wa Belfast, jiji la Ireland ya Kaskazini, aliyelelewa na bluzi za Wamarekani weusi. Ananguruma, anakata maneno, anachelewa nyuma ya mdundo makusudi. Nyimbo hizi hazikuzoea mwimbaji wa namna hiyo, na utamu wa albamu uko hapohapo: hakuna aliyejipunguza ili ampendeze mwenzake. Wapigaji wamebaki na mwendo wao, naye akabaki na koo lake.

Sikilizeni Raglan Road. Maneno ni shairi la Patrick Kavanagh, juu ya mwanamume anayependa huku akijua fika kwamba ataumia, na yamewekwa kwenye lahani ya wimbo wa zamani, The Dawning of the Day. Van anaanza kwa utulivu, halafu kila ubeti anapanda, anapanda, mpaka unahisi ule uchungu ni wake mwenyewe. Kundi linapanda naye bila kumfunika. Kwangu mimi huu ndio wimbo unaobeba albamu nzima, na Carrickfergus unaufuata kwa karibu sana. Huo wa Carrickfergus upigwe usiku, na mtu asikusemeshe.

Kuna pia Tá Mo Chleamhnas Déanta, habari ya mtu ambaye posa yake imeshakubaliwa. Hapo Kevin Conneff, mpiga bodhrán wa kundi, anaimba Kiayalandi na Van anampokea kwa Kiingereza. Wanapokezana vizuri mno, natamani wangefanya hivyo mara tatu nne zaidi.

Je, kasoro? Zipo. Kwenye She Moved Through the Fair, Van anarudiarudia maneno ya mwisho kupita kiasi. Wimbo ule unataka kuachwa wazi, yeye anaung'ang'ania. Na Celtic Ray, mojawapo ya tungo zake mbili humu, ni nzuri ila haina uzito wa zile za jadi zilizouzunguka. I'll Tell Me Ma, wimbo wa watoto wa Belfast, unachangamsha tu, na sina ugomvi nao.

Kama hujawahi kusikia muziki wa Ireland, anza na wimbo wa kwanza wa albamu hii, Star of the County Down, na utumie spika nzuri ili kinubi cha Derek Bell kisipotee. Lakini ukitaka ala peke yake bila mwimbaji, hii siyo albamu yako. Tafuta zile za mwanzo za The Chieftains. Mimi hii naipa nane na nusu kwa kumi, na hiyo nusu ni ya Raglan Road.