Kipimo cha choo cha siku tatu: nyota nne, ya tano nimeinyima kwa sababu ya sabuni

Mimi nilikuwa mtu wa "nipe ya minyoo." Kila baada ya miezi mitatu nafika duka la dawa, napewa albendazoli ya miligramu 400, watoto wanatafuna, yameisha. Kupima? Nani apeleke kinyesi maabara wakati kidonge hakifiki hata bei ya soda?

Mwanangu wa miaka 11 likizo zote anashinda Igombe kwa bibi yake, na kumtoa ziwani ni kazi ya polisi. Mwezi wa tisa tumbo likaanza kumkata, choo mara kwa mara, siku moja nikaona damu. Nikampa kidonge. Damu ikarudi. Tukaenda maabara moja ya mtaani, jina nalihifadhi. Dakika kumi tu, karatasi imetoka: amiba. Shemeji yangu alishapewa amiba palepale, jirani amiba, mtoto wa mwenye nyumba amiba. Mtaa mzima tumekuwa amiba! Kijana akala metronidazoli, akalalamika mdomo una ladha ya msumari, na damu haikukoma.

Ndipo nikaelekezwa kwenye zahanati hii ninayoiandikia, ile yenye mlango wa bluu nyuma ya duka la saruji. Nimelipa shilingi 4,000 kwa siku zote tatu.

Dada wa maabara hakugusa kikopo kwanza. Aliuliza: "Mama, huyu anaoga wapi?" Nikacheka, nikamwambia ziwani. Yeye hakucheka. Akatupatia vikopo vitatu, kimoja kwa kila asubuhi, kisichanganywe na mkojo wala maji, na kifike mapema, kwa sababu amiba hai anakufa haraka akishatoka nje. Mbona siku tatu? Akasema mayai ya minyoo hayatoki sawasawa kila siku. Leo unakosa, kesho unayakuta. Basi nikapanda daladala asubuhi tatu na kikopo ndani ya mkoba, nimeukumbatia kama nimebeba mchango wa harusi.

Siku ya kwanza: hakuna kitu. Kipimo kingeishia hapo, ningeshaambiwa mtoto mzima. Siku ya pili akakuta mayai 9, ya tatu 6. Wanatumia njia ya Kato-Katz: kinyesi kinachujwa, kinajazwa kwenye kitundu kidogo kinachobeba miligramu 41.7, kinafunikwa kwa karatasi laini ya kijani inayopitisha mwanga, kisha wanahesabu. Kila yai moja linazidishwa mara 24 kupata mayai kwa gramu. Tisa yetu ikawa 216. Aliniita nichungulie kwenye hadubini, nikaliona: yai refu lina mwiba ubavuni. Kichocho cha tumbo, kile cha kuoga ziwani.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nimekuwa nikimpa mtoto dawa isiyo yake. Minyoo ya kichocho haikai ndani ya utumbo, inakaa kwenye mishipa ya damu inayouzunguka. Mayai ndiyo yanayotoboa kuingia kwenye utumbo, na yale yanayokwama husafiri hadi kwenye ini. Miaka ikipita, tumbo linajaa maji, mtu anatapika damu. Nikawakumbuka wazee wawili watatu wa kule ziwani ambao tulisema wamelogwa.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo. Kijana ana kilo 30, kwa hiyo vidonge viwili vya 600. Ni vikubwa na vichungu sana, mlishe mtoto ashibe kwanza, na asitafune. Wangu alijikunja tumbo jioni nzima akatapika kidogo, usiku akalala vizuri.

Nikaona na mimi nipime, maana nilikuwa na kizunguzungu nikidhani ni umri. Safura! Ile minyoo inayoingia kwa ngozi ya mguu na kunyonya damu utumboni. Bustani yangu ya mchicha naipalilia peku miaka yote. Na dawa yangu mimi ikawa ileile albendazoli, ambayo nilikuwa nawapa watoto na kujiruka mwenyewe. Wakaniongezea vidonge vya kuongeza damu.

Sasa lawama. Dirisha la kupokelea liko barazani mbele ya wagonjwa wote, na yule kijana wa mapokezi anapaza sauti: "Choo cha nani hiki?" Watu wanageuka. Halafu choo chao wenyewe, mahali pa kupima minyoo, bomba lipo ila sabuni hakuna. Nimeenda mara sita, mara sita hakuna. Nilimwambia mganga mfawidhi, akasema italetwa. Fikeni kabla ya saa nne asubuhi, baada ya hapo foleni ya wajawazito inajaa.

Waliniambia nimrudishe mwanangu baada ya wiki sita, kwa kuwa dawa haiui minyoo michanga vizuri. Tumemrudisha Jumatatu, hesabu ni sufuri. Likizo ya Desemba imebaki wiki tatu, na bibi ameshapiga simu kuuliza mjukuu anakuja lini.