Skripti au urudufishaji: kunakili rekodi kati ya hifadhidata mbili za PostgreSQL

Ukiwa na hifadhidata ya mauzo na nyingine ya ripoti, zote za PostgreSQL (programu ya kuendesha hifadhidata), wengi huanza na skripti, yaani programu fupi ya kujiandikia: kila saa inasoma rekodi zilizobadilika tangu mara iliyopita na kuziandika upande wa pili. Tangu toleo la 9.5, amri ya INSERT ... ON CONFLICT inakuwezesha kuirudia skripti bila kuzaa rekodi pacha. Uzuri wa skripti ni uhuru: unachagua safuwima, unabadili majina, unaunganisha majedwali mawili njiani.

Shida ni rekodi zilizofutwa. Mteja akifutwa kwenye mauzo, hakuna kinachobaki cha kusomwa, hivyo kwenye ripoti anaendelea kuwepo. Tena skripti hutambua mabadiliko kwa saa iliyoandikwa kwenye rekodi, kwa kawaida kwa now(), nayo hutoa saa muamala (kundi la mabadiliko yanayokamilika kwa pamoja) ulipoanza: ulioanza 3:59 na kukamilika 4:01 unaweza kurukwa kabisa na skripti ya saa 4:00. Kila mara isome kuanzia dakika kadhaa nyuma.

Urudufishaji wa kimantiki, uliomo ndani ya PostgreSQL tangu toleo la 10 (2017), husoma kumbukumbu ya mabadiliko yenyewe, yaani faili ambamo hifadhidata huandika kila badiliko, kwa hiyo hata ufutaji hufika. Ila haupeleki mabadiliko ya muundo. Safuwima mpya uiongeze mwenyewe, ukianza na upande wa mpokeaji. Na mpokeaji akizimika muda mrefu, chanzo hulimbikiza kumbukumbu hata diski ikajaa, usipoweka kikomo.

Majedwali yakifanana, nachagua urudufishaji bila kusita. Skripti ni ya data inayohitaji kugeuzwa njiani, kwa sharti kwamba rekodi hazifutwi bali zinawekewa alama.