Kisu cha kukunja: tazama loki kabla ya chuma

Muuzaji atakusifia chuma: hakishiki kutu, kinanyoa hadi malaika ya mkono. Mwache amalize, kisha mwombe ukikunjue mwenyewe. Kisu butu utakinoa jioni hiyohiyo. Kinachojikunja katikati ya kazi hushukia vidole vinne vilivyoushika mpini.

Kikunjue mpaka usikie loki, yaani kifungio kinachozuia bapa lisijikunje, imeingia. Shika bapa kwa mgongo wake, ulitikise. Likicheza kidogo kushoto na kulia, huenda skrubu imelegea tu. Likicheza juu na chini, loki haijakaa sawasawa, kirudishe. Halafu bana mpini kwa pande zake mbili, vidole vyote vikiwa nje ya njia ya makali, ukandamize mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza, nguvu ukiziongeza taratibu. Rudia mara kadhaa, kwani loki mbovu huweza kushika leo na kuachia kesho. Usiugonge mgongo kwa kishindo kama wafanyavyo watu kwenye video. Utaharibu hata loki iliyokuwa nzima.

Kati ya aina za loki, nafasi ya kwanza naipa loki ya mgongoni, ile ya Buck 110 ya Marekani, kisu cha miaka ya 1960 kinachouzwa hadi leo. Kipande cha chuma chenye jino huingia kwenye pengo la bapa, na springi hulishikilia jino hilo humo. Kisu hiki ni kizito, takriban gramu 200, na wengi hukifungua kwa mikono miwili. Adui yake ni uchafu: mchanga au utomvu ukijaa kwenye pengo, jino halifiki chini. Lisafishe kwa kijiti, tia tone la mafuta.

Cha pili ni Opinel ya Ufaransa, na kwa bei yake sijui kwa nini mtu wa jikoni au shambani ahangaike zaidi. Pete ya chuma, iliyobuniwa mwaka 1955, huzungushwa shingoni mwa mpini na kuliziba pengo ambalo bapa lingerudia. Kama imefungwa au haijafungwa, unaiona kwa macho. Ila haijifungi yenyewe. Ukisahau kuizungusha, huna loki. Na mpini wake wa mti ukilowa huvimba, bapa likakataa kutoka. Namba 8, yenye bapa la sentimita 8.5, inawatosha wengi.

Tatu ni loki ya pini inayokatiza mpini, iliyopata umaarufu kupitia Benchmade na sasa imo kwenye visu vya kampuni nyingi. Watumiao mkono wa kushoto waanzie hapa, maana hufunguka sawa pande zote mbili. Springi zake ni nyembamba, lakini kwa kawaida huwa mbili. Moja ikikatika, nyingine hubaki.

Mwisho kabisa naweka loki ya bati la ndani, ambapo bati lililo ndani ya mpini huruka na kukizuia kitako cha bapa, iliyojaa kwenye visu vya bei rahisi. Ikitengenezwa vizuri ni imara. Ikitengenezwa ovyo, bati hugusa ukingo tu wa kitako cha bapa, na ukiupinda mkono kama anayezungusha bisibisi, huteleza. Chungulia ndani: bati liwe limeingia angalau robo ya unene wa kitako. Kumbuka pia kwamba kukifunga hukulazimu kuweka kidole gumba kwenye njia ya makali.

Visu vidogo vya Victorinox havimo kwenye orodha, kwa kuwa vingi havina loki, ni springi tu. Kwa kumenya chungwa vinafaa sana. Kwa kutoboa, hapana. Kazi ya kutoboa au kupasua kuni ni ya kisu kisichokunjwa, hata ukiwa na loki ya kwanza hapo juu.

Walioko Uingereza wana hesabu tofauti: huko kisu chenye loki hakitembezwi hadharani bila sababu ya msingi, ilhali cha kukunja kisicho na loki kinaruhusiwa makali yake yasipozidi inchi 3.