Kliniki iliyomchoma mbwa wangu sindano bila hata kumgusa

Najua wapo wanaoisifia kliniki hii ya mifugo hapa Dar, lakini mimi nasema yaliyonikuta. Nilimpeleka Bobi, German Shepherd wetu, kipindi kile cha joto kali. Kupukutisha manyoya kwa mbwa hawa si ajabu, ukifagia asubuhi jioni sebule imejaa tena. Hii haikuwa hivyo. Pale mkia unapoanzia palikuwa hapana unyoya kabisa, ngozi imekuwa nyekundu, ina vidonda vya kujitafuna, na usiku anajikuna hadi nyumba nzima hailali.

Daktari alisimama mlangoni na simu mkononi. Hakumsogelea. Nikamwonyesha pale mgongoni, akajibu, "Mama, mbwa wa kizungu hawawezi joto la huku. Ungefuga wa kienyeji." Nikamwomba walau amwangalie. "Kwani daktari ni wewe au mimi?" Mbele za watu! Kijana wa umri wa wanangu! Akaagiza Bobi achomwe sindano, nikauziwa na shampuu, Sh 65,000 ikaenda.

Sindano ilimtuliza, sikatai, na ningeandika wiki ile ningewamwagia sifa. Ila alianza kunywa maji kupita kiasi na kukojoa ndani, kitu ambacho hakuwa nacho. Kisha muwasho ukarudi palepale. Nikapiga simu kuuliza ni dawa gani ile, nikaambiwa ni ya mzio. Mzio wa nini? Hakuna aliyejua.

Niliporudi daktari hayupo, akanipokea binti msaidizi. Alimchana Bobi kwa kitana cha meno membamba yaliyobanana, vikatoka vipunje vyeusi, akavidondoshea kwenye tishu nyeupe iliyoloa. Vikaanza kuyeyuka na kuacha madoa ya rangi ya kutu. "Mama, hiki ni kinyesi cha viroboto. Hiyo ni damu ya Bobi." Akanieleza kuwa mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto akiumwa na wachache tu anawashwa vibaya, na kwamba ile sindano ni steroidi, inazima muwasho huku viroboto wakiendelea kula. Akasema mbwa wote wa nyumbani wapewe dawa, matandiko yafuliwe kwa maji ya moto, nyufa na pembe zifagiliwe kwa sababu mayai hudondokea huko. Akauliza na kama nina paka, nisije nikampaka dawa ya mbwa yenye permethrini, inaua.

Manyoya yameanza kuota. Kwa ajili ya binti huyo nilitaka kuwapa nyota tatu. Lakini kila nikikumbuka kwamba kitana kile kilikuwepo mezani siku ile ya kwanza, na mtu aliona uvivu kukinyanyua, mwili unanitetemeka. Mbili ni nyingi. Nawapa moja. Yule binti akihamia kliniki nyingine, mwenye taarifa anijulishe, nitamfuata hukohuko na Bobi wangu.